Justus Liebig na Chakula cha Mimea

Katika nchi ya Ujerumani uko mji uitwao Darmstadt. Huko alizaliwa Justus Liebig, tarehe 12 Mei, mwaka wa 1803. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa rangi, vanishi na dawa. Hakuwa tajiri, na watoto walikuwa wengi nyumbani. Vitu vingi alivyoviuza alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe katika karakana ndogo, naye Justus alipenda kusimama kando yake, akitazama jinsi vitu vinavyobadilika rangi juu ya moto, na jinsi maji mawili yaliyo maangavu yanavyochanganywa yakafanya mashapo. Hivyo mtoto huyu alijifunza kutazama kabla hajayajua majina ya vitu alivyovitazama.

Shuleni mambo yake hayakuwa mazuri. Siku zile shule kubwa za Ujerumani zilifundisha zaidi Kilatini na Kiyunani, na kazi kubwa ya mwanafunzi ilikuwa kukariri. Justus hakuweza kukariri, akawa wa mwisho darasani. Siku moja mwalimu alimkemea mbele ya wenzake kwa uvivu wake, akamwuliza anadhani atakuwa mtu gani hapo baadaye. Mtoto akajibu kwamba atakuwa mtu wa kemia. Darasa zima likaangua kicheko, kwa maana wakati ule watu hawakufikiri ya kuwa kemia ni elimu ambayo mtu aweza kuitolea maisha yake. Waliiona kuwa kazi ya wauza dawa na wachanganya rangi tu.

Lakini aliyeonekana mvivu darasani hakuwa mvivu wa akili. Katika mji ule palikuwa na maktaba ya mtawala, na mtunzaji wake alimruhusu kijana kuazima vitabu. Justus akavisoma vitabu vya kemia kwa kufuata safu ya rafu, kimoja baada ya kingine, bila kuchagua kilicho rahisi wala kukwepa kilicho kigumu. Kila jaribio aliloliweza kwa vifaa alivyokuwa navyo alilifanya nyumbani, akalirudia mara nyingi, mpaka akalijua kwa macho na kwa pua.

Siku moja mchuuzi alikuja sokoni akiuza vitu vidogo vya kuchezea, vilivyolia kwa kishindo vikitupwa chini. Justus alimtazama kwa makini alipokuwa akivitengeneza kwa fedha, asidi na kileo. Kile kileo alikitambua kwa harufu tu. Akarudi nyumbani, akavitengeneza yeye mwenyewe, na baba yake akaviuza dukani. Mchezo huo wa mtoto ulikuja kumfungulia mlango mkubwa, kama tutakavyoona.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, njaa iliingia katika nchi nyingi za Ulaya. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1815 mlima wa moto wa Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulilipuka kwa nguvu nyingi mno, ukatupa majivu na moshi juu sana angani. Mwaka uliofuata joto la jua likapungua, baridi na mvua zikazidi hata katika miezi ya kiangazi, na nafaka ikaharibika mashambani. Mwaka wa 1816 waitwa mpaka leo mwaka usio na kiangazi. Bei ya mkate ikapanda, na maskini wengi wakateseka. Kijana aliyekulia katika miaka kama hiyo hahitaji kuambiwa kwamba uhai wa watu wategemea shamba.

Baba yake akampeleka kwa mwuza dawa katika mji wa Heppenheim, ili ajifunze kazi hiyo. Alikaa huko miezi kumi hivi, kisha akarudi. Husimuliwa kwamba alifukuzwa kwa sababu vilipuzi vyake vilileta madhara nyumbani mwa bwana wake. Wengine husema kwamba baba yake alishindwa kulipa ada. Kwa vyovyote alirudi nyumbani akiwa hana cheti cha shule wala kazi.

Hata hivyo baba hakumkatia tamaa. Mwaka wa 1820 Justus alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Bonn chini ya mwalimu aitwaye Kastner, akamfuata mwalimu huyo Erlangen. Huko alitambua kwamba ili aijue kemia yamlazimu kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kwa kuwa ndiko walikokuwako wataalamu waliopima vitu kwa mizani, badala ya kutunga maneno juu yake. Mtawala wa nchi yake, Ludwig wa Hesse, akampa fedha za safari, naye akafika Paris mwaka wa 1822.

Pale Paris aliendelea kuchunguza vile vilipuzi vya fedha alivyoviona sokoni utotoni. Mwaka wa 1823 habari ya kazi yake ilisomwa mbele ya wataalamu. Alexander von Humboldt, msafiri mashuhuri, alikuwapo, akapendezwa na kijana huyu, akamjulisha kwa Gay-Lussac, mmoja wa wakemia wakubwa wa wakati ule. Gay-Lussac akamkaribisha katika maabara yake, wakafanya kazi pamoja. Basi yule aliyechekwa darasani akawa mwenzi wa mabwana wa elimu.

Mwaka wa 1824, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja tu, aliteuliwa kuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Giessen, mji mdogo katika nchi ya Hesse. Alipewa nyumba iliyokuwa ya walinzi wa askari, iliyoachwa tupu, aifanye maabara. Nafasi ilikuwa ndogo, fedha zilikuwa chache, na hewa ndani ilikuwa mbaya kwa moshi na mvuke. Lakini katika nyumba hiyo Liebig alianzisha njia mpya ya kufundisha. Zamani wanafunzi wa kemia waliketi wakimsikiliza mwalimu. Katika nyumba ya Liebig kila mwanafunzi alifanya majaribio kwa mikono yake mwenyewe. Kwanza alijifunza kutambua vitu na kuvipima, kisha akapewa jambo lake la kuchunguza, na kila siku alitoa habari ya kazi aliyoifanya. Wanafunzi wakaja kutoka Uingereza, Ufaransa, Marekani na nchi nyingine, na mji ule mdogo ukajulikana duniani. Mwaka wa 1831 Liebig alibuni chombo cha kioo chenye mapovu matano, kilichonasa kaboni dioksaidi itokayo kitu kinapochomwa, hata kazi ya kupima kaboni iliyokuwa ngumu sana ikawa rahisi kwa mwanafunzi.

Sasa yatupasa tuiache kidogo habari ya maisha yake, tujifunze jambo moja la kemia. Bila hilo hatutaelewa kushinda kwake wala kushindwa kwake.

Iko elementi iitwayo fosforasi. Iligunduliwa mwaka wa 1669 na Hennig Brand, mtu wa Hamburg, aliyechemsha mkojo mwingi akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata; alipata kitu mfano wa nta, king'aacho gizani. Fosforasi ya namna hiyo hushika moto upesi ikikutana na hewa, kwa hiyo hatuioni ikiwa peke yake katika mawe wala katika viumbe. Daima twaiona imeungana na oksijeni. Atomu moja ya fosforasi huungana na atomu nne za oksijeni kwa kushirikiana elektroni, mfano wa wavuvi wavutao jarife moja: kila mmoja ameshika, wala hawawezi kuachana bila kuupoteza wavu. Kundi hilo la atomu tano huitwa fosfati, nalo huandikwa PO₄.

Kundi la fosfati lina chaji tatu za umeme zilizo hasi, kwa hiyo huvuta vitu vyenye chaji chanya, kama ncha mbili za sumaku zisizofanana zinavyovutana. Ili tuhesabu kwa urahisi, tuseme lina mikono mitatu mitupu, nayo lazima ishikwe. Haidrojeni ina mkono mmoja. Sodiamu ina mkono mmoja. Kalsiamu, iliyo katika chokaa, ina mikono miwili. Mikono yote mitatu ya fosfati ikishikwa na haidrojeni, hupatikana asidi ya fosforiki, yaani H₃PO₄.

Mwaka wa 1833 Mskoti aitwaye Thomas Graham alionyesha kwamba haidrojeni za asidi hii zaweza kuondolewa hatua kwa hatua, na metali kushika nafasi yake. Mwaka wa 1838 Liebig aliieneza kanuni hiyo kwa asidi nyingine nyingi, akafundisha kwamba asidi ni kitu chenye haidrojeni iwezayo kumpisha metali. Kitu kinachopatikana baada ya kupishana huko huitwa chumvi. Basi chumvi si ile ya jikoni peke yake. Katika asidi ya fosforiki sodiamu yaweza kushika nafasi moja, mbili au zote tatu, nasi twapata chumvi tatu zilizo mbalimbali: NaH₂PO₄, Na₂HPO₄ na Na₃PO₄. Ya kwanza ina uchachu. Ya tatu hukata mafuta kwa nguvu, nayo hutumika kusafishia kuta kabla ya kupakwa rangi. Tazama jinsi kuhama kwa haidrojeni mbili kunavyogeuza tabia ya kitu. Liebig hakuzijua elektroni, kwa kuwa ziligunduliwa mwaka wa 1897, alipokuwa amekwisha kufa. Aliyajua hayo kwa mizani na kwa hesabu.

Chumvi iliyotuhusu sisi zaidi ni ile ya kalsiamu. Kalsiamu ina mikono miwili, fosfati ina mitatu. Ili mkono wowote usibaki mtupu, yatakiwa kalsiamu tatu kwa fosfati mbili: mikono sita kwa mikono sita. Kwa hiyo huandikwa Ca₃(PO₄)₂. Mifupa yetu na meno yetu yamejengwa kwa chumvi iliyo jamaa ya hiyo. Hushikamana kwa nguvu sana, hata maji hayawezi kuitenganisha. Jambo hilo ni jema kwetu. Mifupa ingeyeyuka kwa maji, nani angeweza kusimama? Lakini lililo jema kwa mfupa si jema kwa mmea, kwa sababu mmea hauna meno. Hula kwa kunywa tu, na kisichoyeyuka katika maji hauwezi kukinywa.

Turudi sasa kwa Liebig. Mwaka wa 1840 alitoa kitabu juu ya kemia katika kazi ya kilimo. Siku zile wengi waliamini kwamba mimea hula mboji, yaani majani na vitu vilivyooza udongoni. Mjerumani mwingine, Carl Sprengel, alikuwa amekwisha kuandika tangu mwaka wa 1828 kwamba mimea huhitaji chumvi za madini, lakini sauti ya Liebig ndiyo iliyosikika mbali. Alifundisha kwamba kaboni ya mmea hutoka hewani, na kwamba kutoka udongoni mmea hutwaa potasi, chokaa, fosfati na madini mengine. Kila mavuno yapelekwayo mjini huchukua sehemu ya madini hayo. Shamba likichukuliwa kila mwaka wala lisirudishiwe, litachoka, hata mkulima akiwa hodari namna gani.

Alifundisha pia kwamba mavuno hupimwa kwa kile kilichopunguka zaidi. Ni kama mtumbwi wenye ubavu mmoja mfupi: maji huingia pale palipo pafupi, wala haufai kitu urefu wa ubavu wa pili. Shamba likikosa fosfati, potasi nyingi haitaliokoa.

Sisi tukaao Ndundu twaweza kuyaelewa hayo kuliko wengi. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na maji hayo huchukua udongo kutoka nchi za mbali. Tangu zamani mafuriko yalipofika yalitandaza tope juu ya mashamba, na maji yalipopungua wazee walipanda mazao katika unyevu uliobaki, kilimo waitacho mlau. Hawakununua mbolea, kwa maana mto wenyewe ulirudisha kile ambacho mavuno yalichukua. Lakini mambo hayakai vile vile. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2022 maji yalianza kujazwa katika bwawa kubwa la Julius Nyerere, juu ya mto, na mwaka wa 2024 umeme wake ukaanza kupatikana. Umeme ni faida kwa nchi nzima. Walakini kila bwawa hutuliza maji, na maji yakitulia tope huzama humo. Kwa hiyo swali la Liebig limekuwa swali letu pia: kilichochukuliwa shambani kitarudishwa na nani, na kwa njia gani?

Wakulima wa Ulaya walikuwa wakisaga mifupa na kuitia shambani. Mifupa ilisaidia, lakini polepole, kwa sababu tuliyokwisha kuiona. Katika kitabu chake Liebig alishauri kwamba mifupa imwagiwe asidi ya salfuriki iliyopunguzwa ukali kwa maji. Asidi hiyo huipa fosfati haidrojeni zake, nayo huchukua sehemu ya kalsiamu. Twaweza kuandika hivi:

Ca₃(PO₄)₂ + 2H₂SO₄ → Ca(H₂PO₄)₂ + 2CaSO₄

Hesabu upande huu na upande ule, utaona kwamba hakuna atomu iliyopotea. Lakini tazama fosfati sasa: mikono yake miwili imeshikwa na haidrojeni, umebaki mmoja tu kwa kalsiamu. Mshiko umelegea, maji huweza kuutenganisha, na mizizi hunywa. Mwaka wa 1842 Mwingereza John Bennet Lawes alipata hataza ya kutengeneza mbolea kwa njia hiyo, akafungua kiwanda karibu na London. Mbolea hiyo iliitwa supafosfati. Mifupa ikatafutwa kila mahali, mpaka Liebig akawashutumu Waingereza kwamba wanazinyang'anya nchi nyingine rutuba kwa kununua mifupa yake, hata ile ya viwanja vya vita.

Baada ya hayo ukaja mwaka wa aibu yake. Liebig aliogopa kwamba mbolea iyeyukayo upesi itachukuliwa na mvua, ishuke chini pasipofikiwa na mizizi. Kwa hiyo alibuni mbolea yake mwenyewe, akaziyeyusha chumvi za fosfati na potasi pamoja kwa moto mkali, zikawa kitu kigumu kisichoyeyuka katika maji ila kwa shida. Mwaka wa 1845 mbolea hiyo ilitengenezwa na kuuzwa Uingereza. Jina la Liebig lilikuwa kubwa, na wakulima waliinunua wakiwa na matumaini. Wakaitia shambani, wakangoja, lakini mazao hayakuongezeka. Waliotumia supafosfati ya Lawes walivuna. Waliotumia mbolea ya mtaalamu mkuu hawakuona faida. Watu wakaanza kusema kwamba mafundisho yake ni ya kitabuni tu.

Mtu mwenye jina kubwa akishindwa mbele ya watu hupata majaribu mawili: kuwalaumu wakulima, au kuiacha kazi. Liebig alikuwa mtu mkali wa ulimi, mpenda mabishano, na hakuwa mwepesi wa kukubali kosa. Lakini alinunua kipande cha ardhi ya mchanga isiyo na rutuba karibu na Giessen, akafanya majaribio humo kwa miaka. Aliona ile mbolea ikifanya kazi, lakini polepole mno, mwaka baada ya mwaka. Basi madini yalikuwamo. Kilichokosekana kilikuwa ni kuyeyuka.

Mwaka wa 1850 Mwingereza Thomas Way alitoa habari ya majaribio yake, akionyesha kwamba udongo wenyewe huzishika chumvi nyingi zinapopita ndani yake pamoja na maji, usiziache zipotee zote. Kumbe hofu ya Liebig haikuwa na msingi mkubwa. Alikuwa ameifunga fosfati kwa minyororo ili isiibiwe, na kwa minyororo hiyo aliuzuia mmea usiifikie. Hatimaye, katika chapa mpya ya kitabu chake ya mwaka wa 1862, aliandika waziwazi kwamba alikosea, akaeleza kosa lilikuwa wapi. Jambo hilo lampasa heshima kuliko mengi aliyoyagundua.

Hata hivyo hatusemi kwamba alikubali kila kosa. Alidhani kwamba mimea hupata naitrojeni ya kutosha kutoka mvua na hewa. Lawes, pamoja na Joseph Gilbert aliyekuwa mwanafunzi wa Liebig mwenyewe, walipanda ngano huko Rothamsted kuanzia mwaka wa 1843, wakaonyesha kwamba ngano huhitaji kutiwa naitrojeni pia. Liebig alibishana nao miaka mingi, na shamba likatoa hukumu upande wao.

Elimu ya fosfati haikuishia shambani, iliingia na jikoni. Mmarekani Eben Horsford alisoma kwa Liebig huko Giessen, kisha akarudi kwao kufundisha. Mwaka wa 1856 alipata hataza ya kutengeneza ile chumvi Ca(H₂PO₄)₂ kwa ajili ya kuumulia mikate. Chumvi hiyo bado ina haidrojeni za asidi. Ikichanganywa na soda ya kupikia katika unga ulioloweshwa, hutoa kaboni dioksaidi, na mapovu yake huinua unga bila kungoja chachu. Chumvi ile ile iliyo chakula cha mpunga hufanya maandazi yavimbe.

Mwaka wa 1852 Liebig alihamia München, mji mkuu wa Bavaria, akafundisha huko mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki dunia tarehe 18 Aprili, mwaka wa 1873, mwenye umri wa miaka karibu sabini, akazikwa katika mji huo. Chuo kikuu cha Giessen, kilichompokea akiwa kijana, chaitwa leo kwa jina lake.

Nasi katika nchi yetu tunayo fosfati. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kuna kilima chenye mwamba wa fosfati uliotokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Uligunduliwa mwaka wa 1956, na kuchimbwa kulianza mwaka wa 1983. Mwamba huo ni laini kuliko mingine mingi ya namna yake. Ukisagwa na kutiwa katika udongo wenye uchachu, udongo wenyewe hufanya kazi ile ile iliyofanywa na asidi katika kiwanda cha Lawes: huilegeza fosfati, polepole, hata mizizi ikaipata. Katika udongo usio na uchachu haufanyi hivyo vema. Kwa hiyo mkulima mwenye busara huuliza kwanza udongo wake ni wa namna gani.

Tena ukiona mfuko wa mbolea ulioandikwa DAP, sasa waweza kuusoma. Chumvi iliyomo ni (NH₄)₂HPO₄. Kundi NH₄ lina mkono mmoja. Hapa yako mawili, na haidrojeni moja. Jumla ni mikono mitatu, sawasawa na mikono ya fosfati. Ndani yake mna fosfati aliyoitafuta Liebig, na naitrojeni aliyobishana juu yake. Lakini kuzidisha si busara. Fosfati ikisombwa na mvua hata mtoni na ziwani hulisha mwani, na mwani ukizidi samaki hukosa hewa. Tena mwamba wa fosfati ukichimbwa hauoti tena, na hakuna elementi nyingine iwezayo kushika nafasi ya fosforasi katika mfupa, wala katika mbegu.

Kwa hiyo yafaa tukumbuke mambo mawili katika maisha ya mtu huyu. La kwanza, shamba lina hesabu yake, na anayechukua bila kurudisha atadaiwa, yeye au watoto wake. La pili, haitoshi kurudisha kitu kilicho sahihi. Yatakiwa kirudishwe katika hali ambayo mmea waweza kukipokea. La kwanza Liebig alilijua mapema, likampa sifa. La pili alifundishwa na kipande cha mchanga karibu na Giessen, alipokuwa amekwisha kuwa mwalimu wa walimu.